Jembe Halijui Kiarabu

Makongeni ni mtaa wa reli wenye jina la shamba. Mahali penye makonge ndipo makongeni, kama vile penye miembe palivyo miembeni. Mtaa huu wa mashariki mwa Nairobi umekaa kati ya Barabara ya Jogoo na njia ya reli, jirani na Kaloleni na Mbotela, karibu na stesheni ya Makadara. Nyumba zake za zamani zilijengwa na shirika la reli enzi ya ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wake: mafundi wa karakana, wachochea moto wa garimoshi, watunza njia, makarani na wapakiaji wa mabehewa. Watu hao waliletwa mjini kuhudumia mitambo, lakini wengi wao walikuwa wana wa wakulima, na jembe liliwafuata hadi mlangoni.

Mkonge wenyewe ni mgeni. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, alipokea Tanga miche aliyoiagiza kutoka Florida. Aliagiza elfu moja. Iliyosalia hai ni 62 tu, na kutokana na hiyo yakazuka mashamba makubwa ya Tanganyika. Mgeni huyo hakuhangaika kutafuta jina, kwa kuwa watu wa pwani walikuwa na mkonge wao wa porini, wa aina nyingine, ambao nyuzi zake walizisokota kamba. Jina likahama kutoka mmea wa zamani kwenda kwa mpya. Upande wa Kenya, walowezi Randall Swift na Ernest Rutherfoord walianzisha shamba la Punda Milia huko Makuyu mwaka 1904, na baada ya miaka michache wakawa wanapanda mkonge. Thika, iliyo karibu na hapo, nayo ina Makongeni yake.

Sasa mtazame mmea huo unaposafiri. Ukiwa umesimama shambani unaitwa mkonge. Majani yakikatwa, yakapitishwa kwenye mashine, nyuzi zikaoshwa, zikaanikwa na kufungwa marobota, jina linabadilika na kuwa katani. Hilo ni neno la Kiarabu, kattan, ambalo kwa Waarabu ni kitani cha kufumia nguo. Tanga kuna kampuni iitwayo Katani, na nje kidogo ya Nairobi, upande wa Machakos, kuna mahali paitwapo Katani. Jina la kwanza ni la aliyepanda, la pili ni la aliyepima na kuuza. Mgawanyo huu umeenea katika Kiswahili chote cha kilimo, na Makongeni ni mahali pazuri pa kuuona, kwa sababu hapa ndipo walipoishi watu ambao kwa miaka mingi walilima ardhi isiyo yao.

Mtu anayejua jinsi Kiarabu kilivyojaa katika Kiswahili angetarajia kukikuta shambani pia. Anasalimiwa asubuhi, anaulizwa habari, anahesabu sita, saba na tisa, anakwenda sokoni siku ya Alhamisi, na hayo yote yana asili ya Kiarabu. Lakini akishika jembe, Kiarabu kinamwacha. Hufyeka, huchimba, hutifua, hupanda, hupalilia, huvuna, hupura na kupepeta. Ana jembe, panga, shoka na mundu. Ana mbegu, mche, tuta na kitalu. Maneno hayo ni ya Kibantu, na yako kwenye msingi wa lugha kama mizizi ya mbuyu.

Kulima ndilo la kwanza katika ukoo huo. Mkikuyu husema kũrĩma, Mkamba kũĩma, Mluhya okhulima, Mganda okulima, Mshona kurima, Mzulu ukulima. Neno hili lilisafiri na watu walioeneza kilimo cha jembe Afrika ya mashariki na kusini zamani mno, kabla hakujatokea mji wowote wa Waswahili. Kwa hiyo Mkamba na Mluhya waliokutana kwenye nyumba za reli hawakuwa na haja ya kufundishwa Kiswahili cha shamba. Walikuwa wamekuja nacho. Mjaluo ndiye aliyelazimika kujifunza, kwani kwao kulima ni puro na jembe ni kweri. Hata hivyo yeye na majirani zake walielewana upesi, kazi ikiwa ni ileile.

Ukitaka ushahidi mwingine, tembea kutoka Makongeni hadi Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali. Kelele za nyundo husikika kabla hujafika. Kichwa cha jembe kinawekwa kwenye fuawe na kunyooshwa makali, kisha hutafutwa mpini unaoingia kwa nguvu katika tundu lake. Mpini ukicheza, jembe litatoka mkononi katika siku ya kwanza ya kulima. Pembeni kuna karai na beleshi, majina yaliyotoka upande wa India. Kuna toroli, reki na foko jembe, yaliyotoka kwa Waingereza. Hata majembe ya kiwandani yaliyojaa madukani zamani yalitoka Uingereza: kampuni ya Chillington ya Wolverhampton iliuza Afrika majembe yenye alama ya mamba, Crocodile. Katika lundo lote hilo la vyuma, Kiarabu hakionekani.

Kwa nini? Waarabu wana maneno ya kilimo tele. Wanalo haratha, kulima kwa plau. Wanalo zaraa, kupanda, hafara, kuchimba, na falaha, kupasua udongo. Kutokana na hilo la mwisho huja fallah, mkulima, jina wanaloitwa wakulima wa bonde la Nile hadi leo. Wanazuoni wa lugha ya Kiarabu hueleza kwamba mkulima aliitwa hivyo kwa kuwa anapasua ardhi. Mzizi huohuo ndio uliomo katika neno falah, kufaulu, ambalo muadhini wa Pumwani hulitamka kila anapoita watu kwenye sala. Wakazi wa Eastlands, yaani mashariki mwa Nairobi, wamelisikia neno la mkulima wa Kiarabu mara tano kila siku kwa takriban karne nzima, na halijawahi kuingia shambani mwao.

Sababu ya kwanza ni plau. Haratha ni kazi ya ng'ombe au ngamia anayekokota mti wenye ncha ya chuma, mkulima akifuata nyuma. Plau ilitumika Misri, Yemeni na Uhabeshi, lakini haikuvuka kuja kusini. Pwani ya Waswahili ilikuwa na mbung'o wanaoua ng'ombe, udongo mwepesi, na mashamba ya msitu yanayohamishwa kila baada ya misimu michache, yaliyojaa visiki. Hapo jembe la mkono lilifaa kuliko plau. Kitendo kisichofanywa hakihitaji neno, na haratha ikabaki vitabuni. Plau ilipofika Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 ililetwa na wamisionari na walowezi, na jina lake ni la Kiingereza.

Ushahidi ulio wazi zaidi uko katika tafsiri za Kurani. Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, Mzanzibari aliyebobea katika Kiarabu, alipolifikia neno harth katika Sura ya Pili, shamba lililolimwa, aliandika konde. Hakuwa na upungufu wa Kiarabu hata kidogo. Angeweza kuliacha neno lilivyo, kama walivyofanya watafsiri kwa maneno mengi ya dini. Lakini alikuwa akiwaandikia watu wa Unguja, Pemba na Mombasa, na kwao mahali panapolimwa ni konde. Kamusi za Kiswahili zina neno zaraa kwa maana ya kilimo. Ni neno zuri la maandishi. Hakuna anayemwambia mwenzake alfajiri, beba jembe twende zaraa.

Sababu ya pili ni chungu, na haifai kupitwa haraka. Maneno ya kazi ni ya anayeifanya kazi. Katika karne ya 19 Waarabu wa Omani na matajiri wa pwani walimiliki mashamba makubwa ya karafuu Unguja na Pemba, na ya nafaka Malindi, mji uliofufuliwa miaka ya 1860 kwa kilimo cha mtama na ufuta. Wenye mashamba hawakulima. Waliolima walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara, wengi wao Wayao na watu wa Ziwa Nyasa, ambao kwao kulima kuliitwa kulima tayari.

Kazi ya siku ilipimwa kwa ngwe. Ngwe asili yake ni kamba. Msimamizi alinyoosha kamba, akamkatia kila mtu kipande chake, na mtu hakutoka mpaka kipande kiishe. Katika mashamba ya Unguja chini ya msimamizi alikuwapo nokoa, na chini ya nokoa kadamu, cheo chenye jina la asili ya Kiarabu. Mpangilio wa maneno unafuata mpangilio wa watu: jembe na ngwe kwa aliyeinama, kadamu kwa aliyesimama juu yake, na juu kabisa tajiri na hati yake ya miliki. Utumwa ulifutwa Zanzibar mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Maneno hayakubadilika, kwa sababu ardhi ilibaki kwa walewale, na walioachwa huru wakawa maskwota katika mashamba waliyoyalima wakiwa watumwa.

Iko sababu nyingine isiyotajwa sana: kalenda. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, kwa hiyo kila mwaka hurudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja dhidi ya jua. Ramadhani huweza kuangukia masika, na baada ya miaka kadhaa ikaangukia kiangazi. Kalenda kama hiyo haimwambii mkulima lini apande. Waswahili waliitumia kwa ibada, na kwa kilimo na safari za baharini wakashika mwaka mwingine wa jua, unaoanza siku ya Nairuzi na kuhesabiwa kwa miongo, yaani makundi ya siku kumi kumi. Nairuzi ni neno la Kiajemi, na mwongo ni la Kibantu. Wazee wa Makunduchi huko Unguja bado husherehekea Mwaka Kogwa kwa hesabu hiyo. Masika, vuli na kiangazi ni maneno ya wenyeji. Msimu ndio uliotoka kwa Kiarabu, nao uliletwa na mabaharia waliongoja pepo za kaskazi na kusi.

Isidhaniwe kwamba Kiarabu hakikutia mguu shambani hata kidogo. Kilipita mlango wa bustani. Bustani yenyewe ni neno la Kiajemi lililokuja pamoja na Kiarabu. Humo kuna bamia, figili, kitunguu saumu na limau. Kuna rutuba na samadi. Hivi ni vitu vya kilimo cha maji ya kuongozwa, cha nyumba zenye ukuta na kisima, ambacho Waarabu walikijua vizuri. Oman hadi leo ina mifereji ya kale iitwayo aflaji, na mitano kati ya hiyo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Maji yake hugawiwa kwa zamu kati ya wenye haki. Ufundi huo haukuhitajika pwani yetu ambako mvua hunyesha mara mbili kwa mwaka. Yakaja matunda na mboga zake, ufundi ukabaki Oman.

Halafu, mavuno yakishatoka shambani, Kiarabu kinarudi kwa nguvu. Nafaka, ghala, bei, thamani, dalali, rasilimali, faida, hasara. Ushuru umetokana na neno la Kiarabu linalomaanisha sehemu moja ya kumi, kiwango kilekile kinachotolewa kama zaka ya mazao ya mvua. Na ukiingia kwenye ardhi yenyewe kama mali, hakuna pa kukwepa: ardhi, miliki, hati, rehani, urithi, mirathi, wakfu, mahakama. Kitu kilekile kikiwa chini ya kucha kinaitwa udongo. Kikiwa kwenye karatasi kinaitwa ardhi.

Serikali ya Kenya imeuandika mgawanyo huo juu ya majengo. Magharibi mwa katikati ya jiji, Ardhi House iko karibu na Barabara ya Ngong, na Kilimo House iko Cathedral Road, si mbali na hapo. Jengo la kwanza lina ramani, majalada na hatimiliki. La pili lina mambo ya mbegu, mbolea na magonjwa ya mahindi. Mwananchi anayelima shamba lisilo na karatasi anaweza kusaidiwa katika jengo moja na asitambuliwe katika jingine, na wapo wengi wa namna hiyo.

Kiswahili kilifika Nairobi kwa miguu na kwa reli. Wapagazi, askari na wafanyabiashara wa pwani walikuwa wameweka vijiji vyao kabla mji haujapangwa. Pangani kilikuwa kimojawapo, na kilipobomolewa mwaka 1939 wakazi wake wengi walihamia Shauri Moyo. Reli ilifika Nairobi mwezi wa Mei 1899. Ardhi ilimopita ilitwaliwa kwa nguvu ya sheria. Serikali ya himaya iliitumia huku sheria ya Kihindi ya mwaka 1894 ya kutwaa ardhi, ikajichukulia ukanda wa maili moja kila upande wa njia. Zikafuata sheria za ardhi za 1902 na 1915, na mwaka 1921 Mahakama Kuu ikaamua kwamba Waafrika katika ardhi hiyo ni wapangaji tu, wanaokaa kwa hiari ya Mfalme wa Uingereza. Watu walioitwa wakulima kwa lugha zao zote wakawa wapangaji katika lugha ya sheria.

Pamoja na tabaka hilo jipya la sheria yakaja maneno mapya: eka, ploti, sevea. Yakatua palepale palipokaa ardhi, hati na rehani, upande wa umiliki. Kule chini, kulima na jembe vikabaki vilivyo.

Hata hivyo Nairobi ina mahali pamoja ambapo watu walichimba udongo kwa Kiarabu, na mahali hapo panathibitisha hoja badala ya kuivunja. Ni Kibra, magharibi ya jiji, ambako garimoshi linalotoka stesheni ya kati kwenda Kikuyu hupita katikati ya nyumba. Wanubi wa Kibra ni wajukuu wa askari wa Sudan waliokuwa chini ya gavana Emin Pasha, kisha wakachukuliwa na Lugard, afisa Mwingereza, mwaka 1891, na baadaye wakaingia katika kikosi cha King's African Rifles. Tangu mwaka 1904 hivi waliruhusiwa kukaa na kulima msitu ule kama malipo ya utumishi. Mwaka 1918 ekari 4,197 zilitangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Kila mzee wa familia alipewa kibali, na jeshi, kwa Kiingereza chake, likakiita kwa neno la Kiswahili: pasi ya shamba.

Lugha yao, Kinubi, ilizaliwa kambini kutokana na Kiarabu cha Sudan, ikachujwa na kurahisishwa na watu wa makabila mengi. Kwa Kinubi kupanda ni zara, mvua ni matara, na maji ni moyo, jambo linalomshangaza kila Mswahili anayelisikia mara ya kwanza. Hapa walioshika jembe wenyewe walizungumza lugha yenye asili ya Kiarabu, na kwa hiyo maneno ya kupanda yakawa ya Kiarabu. Kigezo ni kilekile cha Malindi, isipokuwa watu wamebadilishana nafasi.

Na nafasi yao haikuwa nzuri. Pasi ya shamba haikuwa hatimiliki. Ardhi ilimegwa kwa mitaa ya matajiri, kwa reli, kwa miradi ya nyumba, na Wanubi wakaitwa maskwota katika msitu waliofyeka wenyewe. Mwezi wa Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi hatimiliki ya ekari 288. Karibu karne moja ilipita kati ya kutangazwa kwa hifadhi ile na karatasi hiyo, na ekari 288 ni chini ya sehemu moja ya kumi ya zile 4,197.

Makongeni haina historia ndefu ya madai kama Kibra, lakini msingi ni uleule. Nyumba ya reli ilikuwa nyumba ya kazi. Kazi ikiisha, ufunguo unarudi. Serikali ya kikoloni ilimwona Mwafrika wa Nairobi kama mgeni wa muda ambaye makao yake ya kweli ni katika rizavu, ambako mkewe alitarajiwa kulima na kuwalisha watoto. Mshahara ulikuwa mdogo kwa kuwa ilichukuliwa kwamba shamba la nyumbani litajaza pengo. Mwanamke aliyekuja mjini kuishi na mumewe alileta pengo hilo hadi mlangoni pa nyumba ya chumba kimoja, na alilijaza kwa alichokijua. Alilima.

Alilima kando ya reli, nyuma ya vyoo, kwenye mteremko wa mtaro, popote palipokuwa na udongo usiokanyagwa. Kunde, managu, terere, mrenda, na baadaye sukuma wiki. Sukuma ilipendwa kwa sababu inachumwa jani moja moja kutoka chini na mmea unaendelea kurefuka kwa miezi. Familia inakula kila jioni bila kung'oa kitu. Maji ya kufulia hayakumwagwa ovyo. Majivu ya jiko yalitupwa kwenye tuta ili kufukuza wadudu. Pasipo na udongo wa kutosha, gunia lilijazwa mchanga na samadi, likatobolewa pembeni na kupandwa miche pande zote. Mchuuzi wa mboga wa Makongeni anaweza kukuambia tuta gani lilitoa terere aliyoipanga mezani.

Sheria za mji zilimtazama mama huyo kama mkosaji. Kwa miongo mingi kanuni za manispaa na sheria ya afya ya umma zilitoa mamlaka ya kuzuia kilimo mjini. Sababu iliyotajwa mara kwa mara ni malaria: mahindi marefu yalidaiwa kuficha mbu, na wezi pia. Askari wa jiji walikata mimea karibu na kuvunwa. Watu walipanda tena. Utafiti wa Mazingira Institute, shirika la Nairobi, uliochapishwa mwaka 1987, ulichunguza miji sita ya Kenya na kukuta takriban asilimia 29 ya kaya zikilima ndani ya mji zilimokuwa zikiishi. Hiyo ni zaidi ya kaya moja katika kila nne, nyingi zikilima ardhi ambayo sheria haikuwatambua wanaoilima. Kaunti ya Nairobi ilibadili msimamo mwaka 2015 kwa sheria ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Kilichokuwa kosa kikawa shughuli inayotambuliwa.

Wakati huohuo karatasi za Makongeni zilikuwa zikihama. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli ya pamoja iligawanywa, na mwaka uliofuata likaundwa Shirika la Reli la Kenya. Mwaka 2006 ulianzishwa mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa reli, na mali kadhaa za shirika zikakabidhiwa mfuko huo ili zilipie wastaafu. Miongoni mwake zilikuwa Muthurwa na Makongeni. Nyumba ya kazi ikawa rasilimali ya wadhamini.

Wakazi wa Muthurwa waliuonja uzito wa neno hilo. Mwaka 2010 wapangaji walipoanza kuondolewa, maji yakikatwa na nyumba zikibomolewa, walikwenda Mahakama Kuu. Hukumu ya mwaka 2013 iliona kwamba jinsi walivyofurushwa kulivunja haki zao chini ya Katiba ya 2010. Jaji aliitaka pia serikali kuleta sheria na taratibu za kuongoza kuhamishwa kwa watu. Kesi hiyo bado hutajwa kila linapozuka suala la mitaa ya kale ya Eastlands.

Sasa zamu ni ya Makongeni, iliyotengwa kwa mradi mkubwa wa nyumba za bei nafuu. Mazungumzo ya mradi yanafanywa kwa maneno mazito: fidia, hisa, mkataba, idhini, wadhamini. Fidia, hisa, idhini na wadhamini ni maneno ya asili ya Kiarabu, na kila moja lina uzito wake mahakamani. Maneno ya yule mama wa kando ya reli, tuta, mche, palizi, kuchuma, hayamo katika mazungumzo hayo. Ukosefu huo una gharama. Chakula alichokitoa kwenye kipande cha hatua chache hakikuandikwa popote kama mapato, kwa hiyo hakuna anayekihesabu kama hasara, na ghorofa jipya linalomkaribisha linaweza kuwa na maegesho ya magari mengi bila hatua moja ya udongo.

Hilo linaweza kurekebishwa katika hatua ya ramani, kabla zege halijamwagwa. Sheria ya 2015 tayari inamtambua mkulima wa mjini, na njia ya reli itaendelea kuwa na ukanda usioruhusiwa kujengwa. Wasanifu watenge ngwe kadhaa pembeni mwa majengo, kila moja ya upana wa matuta matatu au manne, zigawiwe kwa wakazi kwa kibali cha maandishi kinachotaja jina la anayelima na muda wake, na mfereji mmoja wa maji kwa wote. Kibali hicho kiandikwe kwa Kiswahili ambacho mpalizi atakisoma bila kuhitaji wakili, na nakala yake ihifadhiwe katika majengo yote mawili, Ardhi House na Kilimo House.